Nafasi ya Jina la Baba

Saa nane na dakika hamsini karani aliita namba thelathini na nne. Jenoveva alikuwa amesimama kabla namba haijaisha kutamkwa. Bibi Ngolo naye akainuka taratibu, mkono gotini. Walikuwa wametoka Butiama alfajiri, safari ya tatu kuja Musoma kutafuta cheti cha kuzaliwa. Ya kwanza walirudishwa kwa sababu barua ya mtendaji wa kijiji haikuwa na muhuri. Ya pili mtandao haukuwepo. Leo dirisha la maombi ya mtandaoni ya chuo cha uuguzi lilikuwa linafungwa saa kumi kamili, na bila namba ya cheti fomu haiendi mbele.

Karani, Hezron, alikuwa na uso wa mtu aliyekosa chakula cha mchana.

"Jina la baba?"

"Ngolo Machibya."

"Kitambulisho chake."

Jenoveva akakipitisha chini ya kioo. Hezron akakitazama, akamtazama bibi, akakitazama tena.

"Binti, huyu ni mwanamke."

"Ndiye mwenyewe, bosi," Ngolo akadakia. "Mimi ndo nilimuoa mama yake."

Nyuma yao mtu akacheka. Jenoveva hakugeuka.

Ngolo hakujaliwa kuzaa. Mume wake alipofariki, alitoa ng'ombe wanane akamuoa Esther, kama wanawake wa kwao walivyofanya tangu zamani, ili nyumba yake isibaki bila watoto. Mwanamume aliyempa Esther mimba alikuja akaenda zake. Mtoto alikuwa wa Ngolo. Jenoveva alimwita bibi kwa ajili ya mvi zake tu. Kijijini hakuna aliyeuliza, na shuleni aliandikishwa Jenoveva Ngolo mpaka kidato cha nne.

Hezron akashusha sauti. "Mila naijua, hata mimi ni mtu wa hukuhuku. Mfumo ndio hauijui. Nafasi ya baba inataka mwanaume. Ona." Akaigeuza skrini. Kisanduku kilikuwa chekundu.

"Si uandike tu mimi mwanaume?" Ngolo akasema. "Ng'ombe nilitoaga mimi. Homa ikimshika, mimi ndo nilikuwaga nambeba mpaka zahanati."

"Mama, unataka nifungwe?" Hezron akatazama saa. "Baba aliyemzaa yuko wapi? Akinipa namba ya kitambulisho chake kwa simu, nakamilisha sasa hivi."

Jenoveva akatoa kikaratasi mfukoni. Asubuhi, kabla ya kwenda kufukuza ndege kwenye mtama, Esther alikuwa amekitia mkononi mwake. Kilikuwa na jina Bernado na namba ya simu. Alipiga. Simu iliita mara nne.

"Ni Jenoveva. Wa Esther, Butiama."

Sauti nzito ikajibu: "Umekua, eti?"

Akaeleza haraka haraka. Bernado alisikiliza mpaka mwisho.

"Namba naitoa," alisema. "Lakini nikiandikwa, nimeandikwa. Ukiolewa, ng'ombe ni wangu. Huyo bibi yako asije akaleta maneno."

Ngolo alikuwa karibu, alisikia yote. Jenoveva aliuona mkono wake ukikaza kwenye ncha ya kanga, akakata simu.

"Atatoa?" Hezron akauliza.

"Hapana. Sina baba mwingine."

"Basi imebaki njia moja. Naandika hajulikani."

"Hajulikani vipi, na huyu hapa amesimama mbele yako?"

"Binti, ni saa tisa na dakika tano."

Jenoveva akaanza kukusanya karatasi zake. Ngolo akamshika kiwiko, akazirudisha moja moja chini ya kioo.

"Andika hivyo, mwanangu," alimwambia karani. "Huko kwetu wananijua."

Mashine ilikoroma, ikatoa karatasi. Hezron aligonga muhuri bila kuwatazama usoni. Nje, kwenye ngazi, Ngolo ambaye hakujua kusoma aliomba asomewe.

"Soma kama ilivyo."

Jenoveva akasoma. Jina lake. Tarehe. Mama, Esther. "Baba, hajulikani."

Ngolo alitikisa kichwa pole pole, kama mtu aliyepewa habari ya msiba wa mbali. Kisha akasema, "Haya, tuwahi."

Kwenye steshenari ya Najat, walikokwenda kujaziwa fomu mtandaoni, walikuta foleni ya watu watatu. Najat alisikia saa ya mwisho ni saa kumi, akawaomba wale wengine wasubiri. Vidole vyake vilikimbia. Namba ya cheti ikapita. Matokeo yakapita. Zilikuwa zimebaki dakika saba.

"Mtu wa karibu wa kutafutwa ukipata shida?"

"Ngolo Machibya."

"Simu?"

Akaitaja.

"Uhusiano?"

Jenoveva alimtazama yule mzee, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki akikanda goti lake.

"Baba."

Najat akageuka, akamwona Ngolo, akarudisha macho kwa Jenoveva. Kidole kilikuwa kimesimama juu ya kitufe.

"Niandike baba?"

"Andika."

Akaandika. Kisanduku kilibaki cheupe.

"Nitume?"

"Tuma."