Mivukuto ya Sungura

Tak. Tak. Gizani, maharage yalidondoka moja moja kwenye sufuria. Umeme ulikuwa umekatika tangu jua kuzama, lakini bibi hakuwa na shida na taa. Siku hizi alichambua kwa vidole.

Mjukuu wake alikaa mkekani, simu ikirekodi, bintiye kajilaza mapajani. Mwalimu wa darasa lake la jioni alikuwa amewaambia wanafunzi watafute ndani ya ngano za kwao kitu ambacho hadithi haikihitaji. Huenda ni historia iliyojificha. Yeye alikuwa nacho. Katika hadithi aliyolelewa nayo, Sungura anakimbia njaa amejitwika mivukuto, ile ya kupulizia moto wa mhunzi. Sungura na mivukuto, wapi na wapi? Alitaka kujua, kabla bibi hajaisahau yote. Tayari bibi alikuwa akimwita mjukuu kwa jina la mama yake marehemu.

"Njaa ilipiga hodi kwa Sungura," bibi alianza. Kimya. "Akaondoka." Kimya tena. "Akafika. Basi."

"Akafika wapi, bibi?"

"Nitajuaje? Nilifuatana naye?"

Jana ilikuwa vivyo hivyo. Mjukuu akaisogeza simu karibu na bibi. Zamani, katika jiko la bibi, yeye na binamu zake walibanana kama dagaa, macho yakiwatoka machozi kwa moshi, na hadithi ilikwenda mpaka chungu kikaungua.

"Kisha?" mtoto akadakia.

"Shhh! Utaharibu sauti."

"Mwache mke mwenzangu!" bibi akafoka. "Mmenikalia kimya kama mko matangani. Nikirusha neno, nani adake? Sungura akaondoka!"

"Akaondoka!" mtoto akaitikia.

"Kajitwika nini?"

"Mivukuto!" Sasa ni mama yake aliyejibu.

"Ya nani?"

"Ya baba yake!" Neno lilimtoka kabla hajalifikiria. Hakujua kama analo.

"Kwa nini asiitupe, mzigo wote ule?"

"Asiyefua chuma atalima kwa kucha!"

"Mto ukamfika wapi?"

"Kifuani!"

"Na moto akauwasha wapi?"

"Ng'ambo, penye udongo mwekundu!"

Sauti yake ilikuwa imerudi kuwa nyembamba, ya msichana mwenye magoti ya vumbi. Miezi yote hii alikuwa akiichimba hadithi kwa bibi, kumbe nusu yake alikuwa nayo mwenyewe. Wahunzi. Walivuka mto na zana zao kichwani, wakaanza upya.

"Umeona?" bibi alisema, akihema kwa kicheko. "Babu wa babu yako alijivunia mivukuto yake. Tukamfanya Sungura, watoto wasichoke kusikiliza."

Mama alimkumbatia mwanawe, akasikiliza kama kalala. Mtoto hakuwa amelala. Aliinuka, akamgeukia bibi gizani.

"Sungura ni babu yetu," akasema.