Kuku wa Lita Kumi na Mbili

Shangazi yake alimwita Profesa tangu akiwa darasa la tatu, kwa sababu ya miwani tu, wala si kwa jambo jingine. Sasa Profesa alikuwa mwaka wa mwisho chuo cha mifugo. Alikuwa ametoka kufanya mafunzo ya vitendo miezi mitatu kwenye banda la kuku la mama mmoja, na ripoti ilitakiwa Jumatatu. Hajaandika hata mstari. Bila ripoti hakuna cheti, na bila cheti miaka mitatu ingekwenda na maji.

Shangazi alikuwa na duka la kuchapa na kujalidi kazi za wanachuo, hatua chache kutoka lango la chuo. Hafuti kitu huyo mama. Kila ripoti iliyowahi kupita pale ilikuwa imelala ndani ya kompyuta yake. Jumapili akaenda kumwona mgonjwa, duka akamwachia Profesa. Basi tena! Kijana akafukuafukua mpaka akaipata ripoti moja tamu ya miaka mitano nyuma, ya mbuzi wa maziwa. Ina majedwali, ina "kwa mujibu wa takwimu zilizokusanywa", ina kila kitu isipokuwa kuku. Hilo nalo likamshinda? Aliiamuru kompyuta kila palipoandikwa mbuzi iweke kuku, nayo ikatii mara mia mbili na kumi na nne bila kuuliza swali. Akabadilisha jina na mwaka, akachapa, akajalidi kwa gamba la bluu, akajipongeza kwa soda baridi. Kuisoma aliona uvivu. Mtu amejalidi mwenyewe, asome ya nini?

Alhamisi asubuhi akaitwa na mwalimu wake msimamizi, mama wa makamo aliyebakiza miaka miwili kustaafu. Ofisi yake ilikuwa na meza moja, friji ya chanjo inayonguruma, na mchoro wa ng'ombe ukutani unaoonesha matumbo yote manne.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Kaa, kaa. Leo umenifurahisha, acha tu."

Profesa akakaa, roho kwatu.

"Miaka yote ya kazi hii sijakutana na kuku kama wako. Hebu nisomee hapa."

Akasoma. "Kuku wanaonyonyesha watengwe na wenzao, na chuchu zao zioshwe kwa maji ya uvuguvugu kabla ya..."

"Wana chuchu ngapi?"

"Mwalimu, hapo..."

"Ukurasa wa kumi na nne umesema mbili. Na pembe unawakata wakiwa na wiki mbili, nimeona. Maskini, wasije wakapigana!" Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani akafuta machozi. Profesa alitamani friji ile ifunguke aingie mwenyewe.

Halafu mwalimu akafika ukurasa wa ishirini, na kicheko kikakatika.

"Kuku mmoja, lita kumi na mbili kwa siku. Hawa walikuwa mbuzi, sivyo?"

"Ndiyo, mwalimu. Nisamehe."

"Na mbuzi gani wa hapa anatoa lita kumi na mbili?"

Jibu alikuwa nalo mwalimu mwenyewe. Aliinuka, akafungua kabati, akashusha ripoti kuukuu iliyochapwa kwa taipureta. Ilikuwa ya ng'ombe wa maziwa. Sentensi zile zile, majedwali yale yale, na jina lililokuwa juu ya jalada lilikuwa la mwalimu mwenyewe, enzi hizo ni mwanachuo.

"Huyu ng'ombe alikuwa wa mama yangu," alisema. "Nilimkamua siku tisini, nikapima kila asubuhi kwa mikono hii. Mwenye mbuzi akaniibia ng'ombe, wewe ukamwibia mbuzi. Na unajua nani alimpa yule alama themanini na mbili? Mimi hapa. Nilisaini bila kuifungua."

Alisema hivyo kwa uchungu kweli, maana aibu ilimshika. Profesa naye, badala ya kunyamaza, akaona upenyo.

"Basi mwalimu, si yaishie humu humu? Mimi sijasema, na wewe hujasema."

"Una akili wewe! Ungewapa kuku nusu yake tungekuwa mbali." Akafunga gamba la bluu. "Haya, nieleze. Miezi mitatu ulikuwa unafanya nini kule?"

"Nilifanya kazi, mwalimu, haki ya Mungu. Chanjo, maji, chakula. Na daftari ninalo, kila siku nimeandika."

"Sasa daftari unalo, ukaibe mbuzi wa nini?"

Hapo Profesa akainamisha kichwa. Ikamtoka kidogo kidogo. Siku ya arobaini na moja ya mafunzo mvua ilinyesha mchana, na yeye alikuwa ameondoka kwenda kuangalia mpira bila kuongeza mkaa kwenye jiko la vifaranga. Wakasikia baridi, wakarundikana kona moja, wakakanyagana. Akakuta kumi na tisa wamekufa. Akamwambia mwenye banda ni ugonjwa, na daftarini akaandika ugonjwa. Tangu siku ile mama wa watu hajatia tena kifaranga bandani, anaogopa.

"Ningeandika ripoti yangu, ningeulizwa ni ugonjwa gani," akamalizia.

Mwalimu hakucheka. Alivuta karatasi, akaandika kwa muda mrefu, akamgeuzia asome. Ilikuwa barua kwa kamati ya nidhamu. Mstari wa kwanza haukuwa wa Profesa hata kidogo: *Miaka mitano iliyopita nilisaini ripoti ya mwanachuo bila kuisoma.* Habari zake zilianzia aya ya pili.

"Mwalimu, watakufanya nini?"

"Sijui. Na wewe sijui. Wanaweza kukufukuza, wanaweza kukurudisha muhula. Ila ukienda mbele yao na kuku wa maziwa, umekwisha. Nenda na daftari lako, nitakuwa na cha kukutetea."

Akaisogeza simu ya mezani mpaka mbele yake.

"Lakini kamati ni baadaye. Namba ya yule mama unaijua?"

Alikuwa anaijua kwa kichwa. Akabonyeza, akiomba isipokelewe. Ikapokelewa mara moja.

"Nani? Profesa! Mwanangu, umenitupa hivyo? Ripoti imepita?"

"Bado, mama," akasema. Mwalimu alikuwa anamtazama. "Mama, banda lako halina ugonjwa. Wale vifaranga niliwaua mimi."