Tawi la Njia ya Chumvi

Mdogo wangu Marita alikuwa akiwaambia wageni kwamba kutoka ukingoni mwa kijiji chetu mpaka ufukweni mwa Ziwa Rukwa ni saa nne kwa mtu mwenye haraka, na siku nzima kwa mtu mwenye macho. Kisha anawauliza wao ni akina nani. Hakuna aliyewahi kujibu kwamba ana haraka.

Njia yenyewe tunaiita njia ya chumvi, kwa sababu bibi zetu waliishuka kufuata chumvi ya Ivuna na kuipandisha vichwani. Inaanzia nyuma ya mashamba ya kahawa. Ghafla shamba linakwisha, na chini yako kuna bonde lote, ziwa likiwa mbali, limezungukwa na tope jeupe. Hapo wageni hupiga picha. Halafu njia inaingia katika msitu wa miombo, inashuka mpaka penye maporomoko ya maji, na hapo inagawanyika. Ya kulia inapita juu ya mwamba, karibu kabisa na maji. Ya kushoto inazunguka msituni, ndefu, haina cha kutazama. Zote mbili zinakutana chini, kwenye joto, kwenye miiba na maboma ya wafugaji, na kutoka hapo ni tambarare mpaka kwenye ndege wa ziwani.

Marita alipenda ya kulia. Aliijua tangu utoto. Sisi wawili tulimaliza kidato cha nne na kurudi nyumbani kwa mama, mimi nikashika jembe, yeye akasema njia ile ile tunayopitia kwenda kununua samaki, watu wa mjini watakuja kuitembea kwa kupenda. Mama yetu, Paskalina, alimwambia watu wa mjini wana magari. Marita akasema ndiyo maana watakuja.

Kwetu kuna desturi moja ya njiani. Mtu akikuta njia imeharibika, daraja limeoza au nyuki wamechafuka, anakata tawi lenye majani, analilaza njiani na kuweka jiwe juu yake. Ukilikuta, unageuka. Huulizi. Na anayeliondoa ni yule yule aliyeliweka, baada ya kuhakikisha. Watoto wanafundishwa hivyo kabla hawajafundishwa kuchunga mbuzi.

Mwaka huu mvua za Aprili zilikula udongo chini ya ule mwamba wa kulia. Mzee Wiliam, ambaye ana mizinga yake msituni pale, aliona ufa, akakata tawi la myombo, akalilaza njiani, akaweka jiwe. Wiki ile kila mtu alizungumzia. Wiki iliyofuata hakuna aliyezungumzia tena, maana tawi lilikuwepo.

Marita hakuwepo. Tangu Februari alikuwa katika mji wa Mpemba, karibu na Tunduma, kwa shangazi yetu, akifanya kazi kwenye nyumba ya wageni huku akitafuta watu wa kuwaleta. Tuliongea kwenye simu karibu kila siku. Nilimwambia habari za kuku, za ubatizo wa mtoto wa Loisi jirani yetu, za paa la jiko linalovuja. Habari za mwamba sikumwambia. Haikuwa siri. Niliona tu kwamba akifika pale tawi litamwambia.

Mwezi wa Juni alipiga simu akasema amepata walimu wanne wa kutoka Tunduma, watakuja Ijumaa, Jumamosi asubuhi wanashuka. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayejizuia kurukaruka.

Alhamisi niliteremka na sufuria na unga, nikavipeleka kwa Ruti, mke wa Masumbuko. Hao ni wafugaji waliohamia kule chini miaka sita iliyopita, na boma lao liko karibu na ufukwe. Wageni wangekula kwao. Ruti alikuwa na mimba kubwa. Alinitania kwamba walimu wakishindwa kupanda kurudi, atawaajiri wamchungie ndama. Nilishuka kwa njia ya kushoto, nikapanda kwa njia hiyo hiyo.

Mwanamke wa kwetu hapandi mlima mikono mitupu. Nilianza kuokota kuni tangu chini, lakini karibu na maporomoko kila kitu kina unyevunyevu, na mzigo wangu ulikuwa bado mdogo. Nilipofika pale juu njia zinapogawanyika, tawi la Mzee Wiliam lilikuwa limelala mahali pake. Majani yalikuwa yamepukutika yote. Lilikuwa kavu, limenyooka, nene kama mkono wangu.

Siwezi kusema sikulijua. Nililijua. Nilijiambia kwamba limeshakauka, halionekani vizuri, linastahili kubadilishwa. Nitakata bichi, nitaliweka. Nikasukuma jiwe kwa mguu, nikalifunga tawi kwenye mzigo wangu. Kisha nikakumbuka sina panga. Nikasema basi, kesho nitarudi na panga, au nitamwambia Marita kwa mdomo. Ilikuwa saa kumi jioni na jiko lilikuwa linanisubiri.

Ijumaa wageni walikuja saba badala ya wanne. Nilikimbia kwa Loisi kuazima vikombe, nikakimbia kuazima magodoro, nikachinja jogoo. Marita alikuwa amenenepa kidogo huko Mpemba na amesuka nywele mpya. Tuliongea kwa kupaza sauti juu ya sufuria, mambo ya chumvi na pilipili. Asubuhi kulikuwa na ukungu. Niliwasha moto mapema, nikawachemshia chai, na kuni iliyoshika haraka kuliko zote ilikuwa ile. Marita alikunywa amesimama. Mwalimu mmoja mnene aliuliza kama njiani kuna mahali pa kupumzika, naye akamjibu, "Mwalimu, huku hakuna kengele. Ukichoka unakaa, mlima hauandiki majina ya wachelewaji." Wakaondoka wakicheka.

Nilikuwa naosha vikombe nilipokumbuka.

Nilikimbia bila viatu. Nilipofika katikati ya msitu niliwakuta walimu wanapanda, wengine wanatambaa kwa mikono. Kijana wao mmoja, Brian, ndiye aliyeweza kusema. Alisema ukungu ulikuwa mzito, Marita akawaambia wasimame kwanza aangalie kama mwamba hautelezi. Alikuwa anawasimulia habari za bibi mmoja aliyependa chumvi kuliko mume, akageuka kuwatazama ili amalizie, na ardhi ikaenda naye. Hakupiga kelele. Walimu ndio waliopiga.

Masumbuko alizisikia kutoka bondeni. Alipanda peke yake, akamtafuta kwenye mawe, akampata. Alimfunga kwa khanga ya mkewe na kumpandisha mgongoni mpaka kwetu. Alipomshusha mbele ya mama alikuwa hawezi kunyoosha magoti, akabaki amechuchumaa. Mama alimshika Masumbuko kichwa kwa mikono miwili kama anayebariki mtoto.

Tulimzika Jumatatu.

Baada ya matanga watu walianza kuuliza habari za tawi. Mzee Wiliam aliapa kwamba Jumanne ya wiki ile alilikuta mahali pake. Mtu wa kwetu hawezi kuligusa, walisema. Na baada ya Jumanne ni nani mwingine aliyepita? Ijumaa Masumbuko alipandisha ng'ombe kumi na wawili kupeleka mnadani. Basi ni ng'ombe. Walilisukuma, likaanguka na maji, na mwenye ng'ombe hakujali kwa sababu desturi si yake. Neno likatembea nyumba kwa nyumba. Kila mtu alijua kwamba Alhamisi mimi nilipita pale. Hakuna hata mmoja aliyenitaja. Walikuwa wananionea huruma.

Nilikaa kimya siku kumi na saba. Kila asubuhi nilijiambia leo nitamwambia mama, nikamkuta ameshika gauni la Marita analikunja na kulikunjua, nikaenda shambani.

Mwenyekiti wa kitongoji, Kalisti, aliitisha kikao kanisani kwa sababu ofisi ni ndogo. Hoja ilikuwa moja: wafugaji wa bondeni wasiitumie tena njia ya chumvi, si kwa ng'ombe, si kwa miguu. Wazunguke kwa barabara. Kwa barabara, kutoka boma la Masumbuko mpaka zahanati yetu ni siku mbili. Ruti alikuwa amebakiza wiki chache.

Masumbuko alikuja peke yake, amevaa shati lililopigwa pasi. Walimpa nafasi ajitetee. Alisimama akazungusha kofia yake mikononi, akasema tawi analijua, ameishi na sisi miaka sita, anajua maana yake. Kisha akamgeukia mama.

"Mama, nilikuwa nyuma ya kundi. Sikuona tawi. Sijui kama wa mbele walilikanyaga. Kama ni wao, basi ni mimi. Nisamehe."

Alisema hivyo akiwa bado anachechemea kwa lile goti lililoumia siku aliyompandisha ndugu yangu.

Nilisimama. Sikumbuki kuamua. Kalisti alidhani naenda nje, akanipisha. Nikasema si ng'ombe. Nikasema tawi niliondoa mimi, Alhamisi, nikipanda kutoka kwa Ruti, na nililijua. Mlangoni mbuzi walikuwa wanatafuna ukindu wa mkeka.

Mama hakugeuza kichwa. Aliuliza huku akitazama mbele, kwa sauti ya mtu anayeuliza kilipo kijiko.

"Ulilipeleka wapi, Yunisi?"

"Nililitia motoni, mama."

"Lini?"

"Jumamosi. Asubuhi."

Akafikiri. Nilimwona anaipanga asubuhi ile, kitu kimoja kimoja.

"Chai ile?"

"Chai ile."

Mama alinyanyuka. Alitembea mpaka kwa Masumbuko, akapiga magoti kwenye sakafu, mwanamke wa umri wake, mbele ya mtu wa umri wa mwanawe, akamwomba radhi kwa niaba ya nyumba yake. Masumbuko alijaribu kumwinua akashindwa, naye akapiga magoti. Kalisti alifunga daftari. Hakuna hoja iliyopigiwa kura.

Ruti alipandishwa mwezi wa saba kwa njia ya kushoto, akajifungua salama zahanati. Mtoto ni wa kike. Sikwenda kumwona, ila nilipeleka unga kupitia kwa Loisi, na Ruti akaupokea.

Mama alikaa nami wiki moja baada ya kikao. Hakunitukana. Alikula nilichopika, kidogo. Kisha akafunga vitu vyake kwenye shuka na kusema anakwenda kwa kaka yake, kijijini Hasamba, akapumzike. Nilimbebea mzigo mpaka barabarani. Tulisubiri gari muda mrefu, naye alikaa juu ya jiwe, akivuta nyuzi za shuka. Lilipoonekana kwa mbali alisimama.

"Sikuchukii," alisema. "Nimekuzaa, nitakuchukiaje. Siwezi tu kukuangalia ukipuliza moto."

Nikampakia. Nikampa mzigo kupitia dirishani, akaupokea kwa mikono miwili.

Njia ya kulia sasa imefungwa kwa ukuta wa mawe, Mzee Wiliam na Masumbuko waliujenga pamoja siku tatu. Walimu wa Tunduma waliniandikia ujumbe, wanauliza kama kuna mtu mwingine anayeongoza wageni. Sijawajibu. Ninaandika kwenye daftari yale Marita aliyokuwa anasema kila mahali pa kusimama, maana nikijaribu kuyasema kwa mdomo yananipotea. Habari za bibi aliyependa chumvi kuliko mume sijaziandika. Hakuwahi kunisimulia mimi, na Brian hakuusikia mwisho wake.

Kila Jumapili baada ya ibada nampigia mama. Anapokea mjomba. Ananiambia mama yuko shambani, au amelala, au ametoka sasa hivi. Ni mtu mwema, hajui kudanganya, na nyuma yake huwa nasikia mtu anapepeta mahindi.

Jumapili iliyopita mama alipokea mwenyewe. Aliuliza kama mvua imeanza huko juu. Nikamwambia bado. Akasema na huko bado. Nilingoja akate. Lakini hakukata. Nilikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, simu sikioni, namsikiliza anavyopumua, naye nafikiri alikuwa ananisikiliza, mpaka salio langu lilipokwisha na simu ikajikata yenyewe.