Kitufe cha Kunakili

Karani wa wodi ya wanawake alijivunia vitufe vyake, na nani angemlaumu? Kwenye jedwali la wagonjwa kompyutani, kila kitufe alikiunganisha na makro yake, yale maagizo yanayojiendesha yenyewe. Bonyeza "Ameruhusiwa," jamaa wa mgonjwa wapate ujumbe papo hapo. Wauguzi walimtania: "Bibi Vitufe, tutengenezee na cha kufua mashuka!"

Asubuhi hiyo akaongeza cha "Amehamishwa kitanda." Kwa haraka alinakili kitufe kingine, akabadilisha maandishi, basi. Haraka haraka haina baraka, lakini nani hukumbuka methali akiwa kazini?

Wa kwanza kuhamishwa alikuwa mama yake mzazi, aliyelazwa kwa ugonjwa wa moyo. Mama huyo alikuwa na kiu moja tu: mwanawe wa kwanza, aliyemsusa tangu wagombane juu ya mkewe, aje amwone. Karani akabonyeza.

Haikupita dakika, simu yake ikalia. Kaka huyo huyo, analia kama mtoto.

"Mama amekufa, mdogo wangu, nawe umeninyamazia?"

"Nani kafa? Kaka, una wazimu?"

"Ujumbe umetoka hapo hapo hospitalini kwenu!"

Karani akairudia kompyuta. Akatazama kitufe kipya kimeunganishwa na makro ipi. Mungu wangu! Alikuwa amenakili kile cha "Amefariki." Maandishi yalibadilika, makro ikabaki ile ile.

Akatimua mbio hadi wodini, simu mkononi, spika ameiwasha bila kujua. Mama yuko kitandani, anagombana na muuguzi juu ya mto.

"Sikumwomba radhi," kaka alikuwa akisema kwa kwikwi. "Nimemnunia bure mama yangu, na mkosa ni mimi..."

Mama akaduwaa. Karani akafumbua mdomo aseme ukweli. Mama akamzuia kwa mkono, akasikiliza hadi mwisho, machozi yakimtiririka. Kisha akaisogelea simu.

"Nimekusamehe, baba."

Halafu kishindo, na mayowe ya mkwe wake: "Jamani, amezimia! Anasema maiti imemjibu!"

Mama akajifuta uso kwa ncha ya shuka.

"Mmwagie maji, mkwe wangu," akasema. "Akizinduka, mwambie maiti inataka kumwona leo leo. Na wewe uje naye."