Mkono wa Shimwa

Tangu asubuhi Anastasie hakutulia. Mara afunge kitenge upya, mara ageukie barabara, mara amwite binti yake Arlette aliyekuwa hatua tatu tu kutoka kwake. Alhamisi milio ya bunduki ilikuwa imesikika upande wa milima, na watu wa mji wa Baraka walilala na viatu vyao karibu. Lakini katekista Darius alikataa kuahirisha usukaji wa taji za Majilio, majuma manne ya kungojea Noeli.

"Majilio haingoje vita imalizike," alisema. "Familia zote zije uwanjani Jumamosi, tusuke taji zetu pamoja."

Jumamosi hiyo uwanja wa parokia ulikuwa umelowa. Familia zilikaa mbili mbili kwenye majamvi, zikisuka majani ya michikichi kuwa duara la kusimamishia mishumaa minne. Darius aliwapanga mwenyewe. Anastasie alipewa mwenzake asiyemtarajia: Kampire, mama wa kabila la wafugaji wa milimani ambalo wengi mjini hawakuliamini, aliyekimbia kutoka kijiji cha Bibokoboko nyumba yake ilipochomwa, na sasa alikuwa amepanga chumba nyuma ya parokia. Hakuwa Mkatoliki, Darius alimwalika kwa ujirani. Alikuja na binti yake Shimwa, wa miaka sita kama Arlette.

"Tangu lini hawa wanasali kwetu?" Mama Dorothée alinong'ona kwenye jamvi la pili.

Anastasie alijifanya hakusikia. Hakumtazama Kampire usoni. Alisuka upesi na vibaya, majani yakamchana vidole.

"Polepole, Mama Arlette," Kampire alimwambia. "Ukivuta sana, itakatika."

Ndipo kishindo kikalia barabarani.

Hakuna aliyeuliza ni nini. Uwanja mzima uliinuka. Anastasie alipeleka mkono nyuma, akashika mkono mdogo, akakimbia. Alikanyaga mishumaa, akapoteza kandambili moja, akaruka mfereji, asisimame mpaka nyuma ya shule. Akajibanza ukutani na kumvutia mtoto kifuani. Akaona shanga nyekundu shingoni. Arlette hakuwa na shanga.

Alikuwa Shimwa.

Vidole vya Anastasie vikaachia vyenyewe. Akageuka amkimbilie mwanawe, hatua moja, ya pili, kisha akatazama nyuma. Mtoto hakulia. Alisimama palepale, mkono bado umenyooka. Anastasie akarudi, akambeba mgongoni, akakimbia naye kuelekea uwanjani huku akiita jina la Arlette mpaka sauti ikakauka.

"Ni pine ya lori!" Darius alikuwa akipaza sauti. "Tairi tu imepasuka! Murudi, bandugu!"

Kando ya ukuta wa kanisa Kampire alikuwa amepiga magoti, ameinama juu ya kitu. Chini ya kitenge chake akachomoza Arlette, matope mpaka kwenye nywele, analia kwa nguvu zote.

Kila mama akachukua wake. Anastasie akamkumbatia Arlette, akamgeukia Kampire.

"Mama Shimwa, mi sikujua nimeshika nani," alisema. "Nilipoona ni wako, nilimuachilia. Kidogo tu. Lakini nilimuachilia."

Kampire aliendelea kumpangusa binti yake uso.

"Mi niliona mara moja kama huyu si wangu," alisema. "Lakini ndiye alikuwa karibu." Akavuta pumzi. "Wangu umemuleta. Basi."

Afadhali angemtukana.

Zilirudi familia saba tu. Mama Dorothée hakurudi. Kampire aliokota majani yaliyokanyagwa, akaketi, akaanza upya. Anastasie akaketi naye, mguu mmoja peku.

"Kesho tutawasha mushumaa ya kwanza," alisema. "Utakuja?"

"Kesho tuko na ibada yetu."

"Basi jioni, kwangu nyumbani. Batoto bakule pamoja."

Kampire alimtazama. "Nitaona kama njia iko nzuri."

Pikipiki ikapita kwa kasi barabarani. Mikono yao ikasimama, wote wawili wakageuka kuwatafuta watoto kwa macho. Walikuwepo. Wakaendelea kusuka.