Weupe kwenye Wembe

Mume wangu Asmani ana wembe wa kukunja alioachiwa na baba yake, na tangu anioe sijawahi kuugusa. Nguo zake nimefua, mguu uliovunjika nimeukanda, hata hasira zake nimezibeba. Wembe, hapana. Hulala juu ya kabati ndani ya kitambaa chenye mafuta, na hakuna wa kuusogelea. Kwa hiyo aliponiuliza, "Nani aligusa wembe yangu?" damu ilinichemka.

Alikuwa barazani, amebana jichoni kile kioo cha kukuzia cha fundi saa alichonunua Bujumbura baada ya Ramadhani. Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya saba ya mjukuu wetu wa kwanza, siku ya kunyolewa nywele alizozaliwa nazo, na katika mji huu wa Rumonge, kando ya ziwa, Asmani ndiye amewanyoa watoto wa watu wote. Zamani aliupima wembe kwa unywele mmoja tu: ukikatika bila kuyumba, basi. Siku hizi ni kioo. Aliyaelekeza makali juani, akayapitia polepole toka ncha mpaka mpini.

Mwenyewe alinifundisha, siku moja akiwa na furaha. Makali mazuri hayaonekani. Ukiyatazama kwa kioo unaona giza tu, kwa kuwa jua halina pa kukaa. Ukiona weupe, hapo makali yamelala, na hapo ndipo patakapomkwaruza mtu.

"Iko na weupe," alisema. "Mahali mingi. Ulikatia nini? Majani ya sombe?"

"Sombe tunatwanga, baba Raisa. Hatukatangi na wembe."

"Basi ulimupatia Ayubu."

Ayubu ni kinyozi wa upande wa pili wa soko, kijana wa mashine za umeme. Kwa Asmani kila baya linatoka kwake. Wateja wakipungua, ni Ayubu. Umeme ukikatika siku nzima, ni Ayubu anautumia wote.

"Anataka nimukate mutoto mbele ya watu," alisema. "Kikulacho ki nguoni mwako." Na alikuwa ananitazama mimi.

Ningemjibu vizuri sana, lakini nami nilianza kushuku. Nilikuwa nimemsikia asubuhi ile akiupitisha wembe kwenye mkanda wa ngozi. Nani angeuharibu kati ya kunoa na kunywa chai? Nikamwambia auweke juu ya kitambaa, anipe kioo. Niliinama mikono ikiwa nyuma, nisije nikaambiwa nimegusa. Niliona giza tupu, toka ncha mpaka mpini.

Anadanganya, nilisema moyoni. Hataki kumnyoa.

Sababu niliijua, au nilidhani naijua. Tangu mwanzo hakumtaka mkwe wetu Bahizire, aliyetoka Uvira akasilimu ndipo akamwoa binti yetu Raisa. Mtoto alipoletwa nyumbani tulibishana wote: pua ya nani, paji la nani. Asmani alimpakata, akamwinamia mpaka karibu wagusane, kisha akamrudisha kwa mama yake bila neno. Raisa alinifuata jikoni. "Mama, baba hamupendi mutoto wangu?" Nikamwambia baba amechoka. Niliumia, na mimi nikiumia nakasirika. Sasa babu akikataa kumnyoa, watu watakula mbuzi wetu wa akika tuliyemnunua kijiji cha Kizuka huku wakijua kwa nini.

Nikaamua kumnasa. Nilikwenda dukani, nikanunua kiwembe kipya, nikakifungua karatasi mbele yake.

"Angalia na hii."

Alikigeuza juani kwa muda mrefu. "Na hii iko na weupe," alisema. "Ule wa ku duka anatuuzishia..."

Hakumaliza. Aliitazama karatasi iliyokuwa bado mkononi mwangu. Alitoa kioo jichoni, akakifuta kwa shati, akakirudisha, akatazama tena. Kisha akakiweka chini. Akaziba jicho moja kwa kiganja, akatazama ziwa. Akaziba la pili, akatazama tena.

Mwenye macho haambiwi tazama, husemwa. Methali hiyo ilinifika mdomoni, nikaimeza. Hasira yangu yote ilikuwa imekwisha, na nilitaka kulia.

Asmani aliukunja wembe wa baba yake, akaufunga kwenye kitambaa chake, akauweka mikononi mwangu. Ulikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani.

"Umupelekee Ayubu," alisema. "Kesho atanyoa yeye. Mimi nitashika kichwa. Na umuchunge, asiibadilishe."

"Nitamuchunga."

Nilikuwa nimefika mlangoni aliponiita. Uso wake bado ulikuwa upande wa ziwa.

"Mama Raisa, uniambie kweli. Ule mutoto anafanana na nani?"