Kitufe cha Kuchungulia

Kazi yangu katika saluni ya shangazi ilikuwa kuita wateja, na sauti yangu ilikuwa haitoki. Nikiita, hata paka aliyelala mlangoni hageuzi sikio. Shangazi akasema nisipobadilika atanirudisha nyumbani nikafue mapazia. Kaka yangu, anayeandika programu za kompyuta, akanihurumia, akanitengenezea mashine ya kuita badala yangu.

Alinieleza taratibu. Wateja wakishaandikishwa, programu huwatoa mmoja mmoja kila ukiomba anayefuata. Aliyetolewa harudi, kama dawa ya meno iliyokwisha kutoka kwenye tyubu. Juu yake aliweka visaidizi vidogo: kimoja huchuja wa kusuka tu, kingine humruka ambaye hajafika, na kingine, alichokiongeza kwa ombi la shangazi, humchungulia anayefuata bila kumwita. Shangazi alitaka kumjua mapema ili apange umbea unaomfaa.

Jumamosi ya kwanza nilikaa kimya kama maji ya mtungi, mashine ikasubiri kuita. Raha ilioje. Shangazi akabonyeza kitufe cha kuchungulia, akaona kwenye skrini jina la bibi harusi, akacheka peke yake. Akabonyeza tena, akamwona mama muuza vitambaa. Utamu ukamkolea, akaendelea kubonyeza. Mashine ilipoita, ilimwita mtu aliyekuwa bado anafuta viatu mlangoni.

Bibi harusi, aliyefika kabla hatujafungua, alinitazama. Mimi nikatazama sakafu. Niliona kuna kasoro, lakini nikisema, mashine itaondolewa na nitarudi kuita kwa mdomo.

Mwishowe mashine ikatangaza kwa adabu kwamba wateja wamekwisha. Benchi lilikuwa limejaa. Mama muuza vitambaa akauliza kama yeye ni mto wa kochi.

Kaka akaitwa, akaja mbio, akaisoma programu yake, akashika kichwa.

"Shangazi, ukimchungulia mtu, anatoka kwenye foleni. Ilitakiwa nimshike pembeni mpaka aitwe. Nimesahau kumshika."

"Kwa hiyo tangu asubuhi nawameza wateja wangu?"

"Wewe unachungulia tu. Mashine ndiyo inayomeza."

"Basi iwatapike."

Kaka akasema hawatapikiki. Itabidi arekebishe kwanza, kisha waandikishwe upya, na hiyo ni kazi ya mpaka jioni. Bibi harusi akaanza kulia, maana ndoa yake ilikuwa mchana. Wote wakanigeukia.

Nikapanda juu ya kigoda, nikafumba macho.

"Bibi harusi!"

Sauti ile sijui ilikuwa imejificha wapi miaka yote. Mteja aliyekuwa anakausha nywele alijigonga kichwa kwenye draya. Fundi viatu wa jirani akaja kuuliza nani kaolewa. Paka hakuonekana mpaka Jumatatu.

Siku hizi mashine inapiga muziki tu. Shangazi bado hunikonyeza nimwambie nani anafuata. Namnong'oneza, na mteja anabaki palepale kwenye benchi.